Samurai Unayemposti Alikuwa Karani

Fungua simu saa hii na utakutana naye. Mwanamume amesimama kwenye mvua, upanga kiunoni, muziki wa taratibu nyuma yake, na maandishi makubwa kuhusu nidhamu, heshima na kutoogopa kifo. Wasee huposti hizo klipu kila Jumatatu asubuhi kama dawa ya wiki. Samurai amekuwa mshauri wetu wa maisha, na hakuna aliyewahi kumuuliza vyeti.

Mimi naviuliza leo. Si kwa ubaya, maanake anime naipenda na gemu za panga zimenifanya nikeshe mara nyingi. Lakini historia yenyewe ni tamu kuliko klipu, na pia ni chungu kuliko klipu. Niseme mapema ninakoelekea: ile "njia ya samurai" tunayouziwa mtandaoni, sehemu kubwa haikuandikwa na watu wa vitani. Iliandikwa na watu wa ofisi, vita vikiwa vimeshaisha. Halafu wakaja wakubwa fulani wakaichukua, wakaitumia kuwapeleka vijana wa rika letu kufa. Hapo ndipo stori ya Japani inanihusu.

Tuanze na jina. Samurai linatoka kwa kitenzi cha Kijapani cha zamani chenye maana ya kutumikia, kukaa karibu na mkubwa ukingoja akutume. Yaani ukilivua mapambo, linamaanisha mtumishi. Wakuu wa mji wa Kyoto waliwahitaji hawa jamaa wa mikoani, wenye farasi na silaha, wawalindie mashamba na kunyamazisha waasi. Na silaha yao kubwa ilikuwa upinde. Sifa ya mpiganaji wa enzi hizo ilikuwa kupiga mishale akiwa juu ya farasi anayekimbia. Upanga ulikuwepo, ndiyo, ila ulikuwa wa kuchomolewa mambo yakiharibika.

Sasa walinzi wakigundua kwamba nguvu yote iko mikononi mwao, unajua kinachofuata. Koo mbili kubwa, Taira na Minamoto, zilipigana kutoka 1180 hadi 1185. Minamoto wakashinda, na 1192 kiongozi wao, Minamoto no Yoritomo, akapewa cheo cha shogun, mkuu wa majeshi. Mfalme akabaki Kyoto na heshima zake, lakini nguvu ikahamia Kamakura, kwa watu wenye silaha. Mpaka 1868 Japani ilitawaliwa zaidi na watu wa aina hiyo. Hiyo ni karibu miaka 700.

Kuna samurai mmoja wa mwanzo huko ambaye nampenda kuliko wote, na hutamwona kwenye klipu yoyote. Anaitwa Takezaki Suenaga. Mwaka 1274 majeshi ya Wamongoli chini ya Kublai Khan yalivuka bahari na kushambulia kisiwa cha Tsushima, kisha yakatua Kyushu. Ukicheza Ghost of Tsushima, hivyo ndivyo vita vyenyewe. Shujaa wa gemu anateseka moyoni akijiuliza kama mbinu zake zina heshima. Suenaga wa kweli alivamia akiwa na wenzake wachache tu, akajeruhiwa, farasi wake pia akajeruhiwa, akaponea chupuchupu. Na vita vilipoisha, unajua alichofanya? Alidai malipo.

Hakuna mtu alimlipa. Mwaka uliofuata akauza farasi na matandiko yake apate nauli, akasafiri kutoka Kyushu hadi Kamakura, safari ndefu ajabu, akaenda kumweleza afisa wa serikali kwamba yeye alikuwa wa kwanza kuingia vitani na jina lake halimo kwenye orodha. Akang'ang'ana hadi akapewa ardhi. Baadaye akatengenezesha picha ndefu zilizochorwa kwenye karatasi za kukunjwa, yeye mwenyewe akiwa nyota, akipigana na Wamongoli. Picha hizo zipo mpaka leo na ni kati ya ushahidi mkubwa tulio nao kuhusu vita hivyo. Msee alitengeneza kontenti yake mwenyewe miaka 700 iliyopita, na kontenti hiyo ilisema: nilifanya kazi, lipeni.

Simcheki hata kidogo. Huyo ni mtu mzima anayejua thamani ya jasho lake. Lakini angalia tofauti yake na yule wa kwenye klipu, anayepigana bila kuuliza chochote.

Songa mbele hadi 1467. Mji wa Kyoto uliungua kwenye vita vya Onin, na nchi ikaingia kwenye zaidi ya miaka 100 ya kila bwana na jeshi lake. Hiki ndicho kipindi ambacho filamu zinakipenda zaidi. Ukiambiwa kwamba sifa kuu ya samurai ilikuwa uaminifu kwa bwana wake, chukua kipindi hiki ukipime. Oda Nobunaga, bwana aliyekuwa karibu kuikunja nchi nzima mkononi, aliangushwa Juni 1582 katika hekalu la Honno-ji. Aliyemgeuka hakuwa adui kutoka mbali. Alikuwa jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide. Kisha Oktoba 1600, kwenye vita vya Sekigahara vilivyoamua nani atatawala Japani, Kobayakawa Hideaki aligeuka katikati ya mapigano akawashambulia waliokuwa upande wake. Wahenga wetu walisema mtumikie kafiri upate mradi wako, na hao jamaa wangeelewa methali hiyo bila mkalimani.

Hata ile picha ya upanga dhidi ya bunduki haishiki. Bunduki zilifika Japani 1543 na Wareno, kisiwa cha Tanegashima. Mafundi wa Japani wakaanza kuzitengeneza haraka sana, na 1575 kule Nagashino jeshi la Nobunaga lilizitumia kuwavunja wapanda farasi wa Takeda. Samurai waliipenda bunduki kwa sababu ilifanya kazi.

Na ni katika vurugu hiyo anaingia mtu anayetuhusu moja kwa moja. Mwaka 1579 mkaguzi wa Wajesuiti, Alessandro Valignano, alifika Japani akiwa na mhudumu Mwafrika. Tunamjua kwa jina Yasuke. Mwandishi Mjesuiti, François Solier, aliandika 1627 kwamba mtu huyo alitoka Msumbiji. Wareno wakati huo walikuwa na njia yao ya bahari kutoka Msumbiji, kupitia Goa kule India, hadi Nagasaki. Ni hao hao walioanza kujenga Fort Jesus hapo Mombasa 1593.

Yasuke alipofika Kyoto 1581 watu walifurika kumwona. Nobunaga akaitisha aletwe, asiamini macho yake, akaamuru asuguliwe aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Akampenda. Akampa nyumba, posho na upanga mfupi, akawa anatembea naye. Samurai mmoja, Matsudaira Ietada, alimwona na kuandika urefu wake kwenye shajara: kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 188. Usiku wa Honno-ji Yasuke alikuwepo. Aliendelea kupigana upande wa mwana wa Nobunaga hadi akasalimisha upanga wake. Mitsuhide alitoa tusi, kwamba huyu ni mnyama na wala si Mjapani, basi asiuawe, akarudishwa kwa Wajesuiti.

Gemu ya Assassin's Creed Shadows ilipotoka 2025, watu walipigana mtandaoni ati Yasuke hakuwa samurai "halisi". Maoni yangu: wanampima kwa sheria ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Mwaka 1581 hakukuwa na cheti. Ukimtumikia bwana mkubwa, akakupa posho na silaha, ulikuwa ndani. Toyotomi Hideyoshi, aliyechukua nchi baada ya Nobunaga, alizaliwa kwenye familia ya kawaida kabisa kijijini. Na ni yeye huyo, aliyepanda kwa ngazi hiyo, aliyeivuta juu nyuma yake. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe panga na mikuki. 1591 akakataza watu kuhama kutoka tabaka moja hadi jingine. Kuanzia hapo samurai ni wa kuzaliwa, mkulima ni wa kuzaliwa. Ngoja kidogo utaona matunda yake.

Baada ya Sekigahara, Tokugawa Ieyasu akawa shogun 1603, na familia yake ikatawala kwa zaidi ya miaka 250. Baada ya miaka ya mwanzo ya utawala huo, na ukiacha uasi wa Shimabara wa 1637 hadi 1638, vita vikubwa viliisha. Sasa fikiria: una tabaka zima la wapiganaji, na hakuna vita. Utawafanyia nini?

Utawapa kalamu. Samurai wengi walihamishiwa kwenye miji iliyozunguka ngome za mabwana zao, wakawa makarani, wakaguzi wa kodi, watunza stoo, wahasibu. Walilipwa kwa mchele, kwa kipimo kiitwacho koku, kama kilo 150, kiasi cha kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Posho ilirithiwa na haikuongezeka ovyo, lakini bei za mjini zilipanda. Kwa hiyo wa ngazi ya chini walikopa kwa wafanyabiashara, na wengine wakageukia kazi za mikono nyumbani, kama kutengeneza miamvuli ya kuuza. Upanga mbili kiunoni, gundi ya miamvuli vidoleni.

Na mchele wenyewe ulitoka wapi? Kwa mkulima. Yeye ndiye aliyetoa mara nyingi magunia 4 au zaidi kati ya kila 10 aliyovuna, na hakuruhusiwa kubeba upanga wa kulalamika nao. Akimkosea samurai heshima, sheria ilimruhusu samurai amkate papo hapo, ingawa ilibidi ajieleze baadaye. Kila klipu ya heshima ya samurai ina mkulima ambaye hakuonyeshwa.

Mfano mzuri wa karani mwenye upanga ni baba yake Fukuzawa Yukichi. Alikuwa samurai wa ngazi ya chini wa Nakatsu, aliyetumwa Osaka kushughulikia pesa na madeni ya bwana wake. Alikuwa msomi, alipenda vitabu, na kazi hiyo hakuipenda. Lakini tabaka ni tabaka. Alifia hapo hapo. Mwanawe alikua akiuona mfumo huo kama adui aliyemmaliza baba yake. Fukuzawa akajifunza Kiholanzi, akaanzisha 1858 shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Keio, kisha akajifunza Kiingereza, na akaacha kubeba panga kabla sheria haijamlazimisha. Huyo ni samurai ambaye ningependa kuona kwenye mabango.

Ni ndani ya amani hiyo ndipo maneno makali yalipoandikwa. Kile kitabu Hagakure, mama wa nukuu nyingi za samurai kuhusu kifo, ni maneno ya Yamamoto Tsunetomo, mtumishi wa ukoo wa Nabeshima, aliyezaliwa 1659. Hakuwahi kupigana vita hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ya maandishi na utumishi wa nyumba ya bwana. Bwana wake alipofariki 1700 alitamani kumfuata, lakini desturi hiyo ilikuwa imeshapigwa marufuku, akawa mtawa. Miaka ya baadaye akamsimulia samurai kijana mawazo yake, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wamelegea, wanaongea pesa na mavazi tu. Maze, ni mzee anayelalamikia kizazi kipya! Kila mtaa unaye mmoja.

Wakati huo huo kukatokea kisa cha ronin 47. Bwana wao, Asano, alimshambulia afisa Kira ndani ya ngome ya shogun 1701, akaamriwa ajiue. Watumishi wake wakakosa kazi na makao. Wakangoja karibu miaka 2, wakamvamia Kira nyumbani, wakamuua, kisha nao wakahukumiwa kujiua 1703. Nchi nzima ilikuwa mdomo wazi, na wasomi wakabishana: hawa ni mashujaa au wahalifu? Angalia vizuri. Kama uaminifu wa kufa ungekuwa jambo la kila siku kwa samurai, kisa hiki kisingemshangaza mtu. Kiligeuka mchezo maarufu wa jukwaani kwa sababu kilikuwa nadra.

Mwisho wa tabaka ulikuja haraka. Meli za Marekani zilijitokeza 1853, shogun akaanguka 1868, serikali mpya ya Meiji ikaanza kujenga nchi ya viwanda. 1873 ikaleta jeshi la kila mtu, mtoto wa mkulima akavalishwa sare. 1876 ikakataza kubeba panga hadharani na kufuta posho za mchele, ikatoa hati za mkopo badala yake. Ukitazama Demon Slayer na ukaona wahusika wanaficha panga zao wasionwe na polisi, chanzo ni sheria hiyo.

1877 Saigo Takamori na samurai wa Satsuma wakaasi. Filamu ya The Last Samurai ya 2003 imekopa hapo, ila kwenye filamu waasi wanadharau bunduki. Saigo wa kweli aliingia vitani na bunduki na mizinga. Zilipoisha risasi ndipo panga zikabaki. Septemba 24, kwenye kilima cha Shiroyama, mamia machache waliosalia walimalizwa na jeshi ambalo lilijaa watoto wa wakulima. Serikali hiyo hiyo ikamsamehe marehemu 1889, na 1898 sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Ueno, Tokyo, amevaa kimono, ana mbwa wake. Samurai alipokosa uwezo wa kumtisha yeyote, ndipo alipoanza kupendeza.

Sasa kuja kwa kitabu kilichotufikisha hapa. Nitobe Inazo alizaliwa 1862 katika familia ya samurai. Utawala wa shogun ulipoanguka alikuwa na miaka 5. Akawa Mkristo wa madhehebu ya Quaker, akaoa Mmarekani, na akiwa California akipumzika kwa sababu ya ugonjwa akaandika, kwa Kiingereza, kitabu Bushido, kilichotoka 1900. Lengo lake lilikuwa kuwaeleza wazungu kwamba Wajapani wana maadili pia. Akalinganisha samurai na mashujaa wa farasi wa Ulaya, akachanganya na Biblia na Shakespeare. Neno bushido lilikuwepo kabla yake, ila lilitumika kwa nadra. Yeye na wenzake wa kipindi hicho ndio waliolifanya roho ya taifa zima, wakiwemo wakulima waliokatazwa hata kushika mkuki.

Kitabu kikasambaa dunia nzima. Baden-Powell, alipoandika mwongozo wake wa skauti wa 1908, alitaja bushido ya samurai kati ya mifano ya kanuni za heshima. Kaburi lake liko Nyeri. Kwa hiyo kama uliwahi kufunga skafu ya skauti shuleni hapa Kenya, harufu kidogo ya samurai wa Nitobe ilikufikia kabla hujaona anime yoyote.

Nitobe hakuwa mtu wa vita. Alifanya kazi Geneva katika Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1932 aliwakosoa wanajeshi hadharani hadi akatishiwa. Lakini alichokijenga kilikuwa kimeshapata wenyewe. Serikali ilifundisha kwamba kila Mjapani ni samurai, na bwana wake ni Mfalme. Januari 1941 waziri wa jeshi, Tojo Hideki, alitoa mwongozo uliowaambia askari wasikubali kutekwa wakiwa hai. Oktoba 1944 yakaanza mashambulizi ya kamikaze. Marubani karibu 4,000 walikufa hivyo, wengine wakiwa na miaka 17. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliotolewa darasani, waliosoma falsafa, walioacha shajara zinazoonyesha hofu, mashaka na mapenzi kwa mama zao. Na Tojo? Wamarekani walipokuja kumkamata Septemba 1945 alijaribu kujiua akashindwa, akatibiwa, akashtakiwa akiwa hai, akanyongwa 1948.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kuziona nukuu za kifo kama mapambo tu. Zilishawahi kutumika, na waliozilipia hawakuwa waliozisambaza.

Urithi mzuri upo, tena mwingi. Tabaka hili lilifadhili sherehe ya chai na tamthilia ya Noh, likaacha kendo, likaacha ufundi wa panga ambao bado unaheshimiwa. Na Kurosawa Akira, mwaka 1954, akatengeneza Seven Samurai, filamu ambayo Hollywood imeinyonya hadi leo. Kati ya samurai wake 7, mmoja ni mtoto wa mkulima anayejifanya samurai, na ndiye anayewarushia wenzake ukweli: wakulima ni wajanja na waoga kwa sababu samurai ndio waliowafanya hivyo. Kazi yao wanalipwa kwa wali. Mwishoni wanaobaki na ushindi ni wakulima, wakipanda mpunga. Miaka 9 tu baada ya vita, Mjapani mwenyewe aliirudisha stori mahali pake.

Kwa hiyo posti samurai wako, sina neno. Amka mapema, fanya mazoezi, heshimu kazi yako. Hayo ni mema hata bila upanga. Lakini akija mtu kukuambia kwamba heshima ni kujitoa mhanga kwa ajili yake, iwe ni mwanasiasa, mdosi wa kazini au mkubwa wa genge, mkumbuke Suenaga. Aliuza farasi wake, akatembea hadi Kamakura, akauliza jina lake liko wapi kwenye orodha. Yeye alikuwa samurai wa vita halisi. Kama yeye aliruhusiwa kuuliza, wewe nani amekukataza?